Mkono Unaotetemeka: Tulichojifunza Kuhusu Mzee Wetu na Dawa Yake



Hivi karibuni tulikuwa tukipanga madaftari ya zamani ya msikiti wetu hapa Ipuli, mjini Tabora, tukakuta jambo lililotuumiza. Daftari la michango liliandikwa kwa miaka mingi na mzee wetu mmoja, ambaye pia alikuwa muadhini wetu. Katika kurasa za mwanzo mwandiko wake ni mkubwa, umenyooka, na kila jina linasomeka. Kadiri tulivyofunua, herufi zilizidi kuwa ndogo, hata kurasa za mwisho majina yakawa kama nyayo za sisimizi. Hayo yalianza miaka miwili kabla mkono wake haujatetemeka mbele ya watu. Sisi wanakamati tulitia saini chini ya kurasa hizo kila mwezi, wala hatukuona chochote.

Baadaye sauti yake ikafifia. Waumini walilalamika kwamba adhana ya alfajiri haisikiki hata kwa kipaza sauti, nasi tukampumzisha, tukidhani ni uzee. Wengine walinong'ona kuwa amerogwa, kwani uso uliozoea kucheka sasa haukunjuki. Familia ikamzungusha kwa waganga. Ulipita zaidi ya mwaka ndipo binti yake alipompeleka hospitali, akaambiwa kuwa baba yake ana ugonjwa wa Parkinson. Mwandiko kudogoka, sauti kufifia na uso kukauka, yote ni dalili za ugonjwa huo zinazojulikana sana kwa madaktari. Tunayaandika haya kwa idhini ya mzee mwenyewe.

Hayuko peke yake. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu ya hao walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo, sembuse kupewa dawa. Tukasema moyoni: ikiwa Hai ni hivyo, ni wazee wangapi wa Tabora waliokaa ndani na kusemwa kuwa wana mashetani?

Ugonjwa wenyewe ni huu. Ndani ya ubongo zimo chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho huuwezesha mwili kwenda kwa ulaini na mpangilio. Chembe hizo zinapokufa kidogokidogo, mtu hukakamaa, hutetemeka, na hatua zake huwa fupi. Kumpa mgonjwa dopamini yenyewe hakumfai, kwa sababu haivuki kizuizi kilichopo baina ya damu na ubongo. Kinachovuka ni levodopa, ambayo ni asidi amino, yaani ni ya jamii ileile ya vitu vidogo ambavyo mwili huvitumia kujengea protini. Ikishaingia katika ubongo hugeuzwa kuwa dopamini.

Levodopa ilitolewa kwenye mimea kwa mara ya kwanza na mkemia Marcus Guggenheim, mjini Basel, mwaka 1913. Mmea wenyewe ulikuwa yale maharage mapana ambayo watu wa Misri huyaita ful na kuyala asubuhi. Guggenheim akameza gramu mbili na nusu ajaribu, akatapika. Hakuna aliyejua itumikeje hadi baada ya mwaka 1957, pale Arvid Carlsson wa Sweden alipoonyesha kwamba sungura waliolegezwa kwa dawa nyingine walisimama tena walipopewa levodopa. Mwaka 1961 wagonjwa wa Vienna walidungwa sindano ya kwanza, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakainuka.

Tabu ikawa namna ya kuitengeneza kwa wingi. Fikiria makubadhi mlangoni mwa msikiti. La kulia na la kushoto yametokana na ngozi moja na kipimo kimoja, lakini mguu wa kushoto haukubali la kulia. Asidi amino nazo ziko hivyo. Ukizitengeneza kwa kemia ya kawaida hupata nusu kwa nusu, na katika levodopa ni ile ya kushoto tu inayofaa. Nyingine haitibu, nayo huongeza madhara. William Knowles wa kampuni ya Monsanto alipata njia ya kutengeneza ya upande mmoja kwa msaada wa madini adimu ya rodiamu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Viumbe hai, hata hivyo, havijawahi kukosea kubadhi. Vimeng'enya vyao, yaani zile protini zinazoharakisha kazi za mwili, hutambua upande mmoja peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Hideaki Yamada na wenzake walichunguza bakteria aitwaye Erwinia herbicola, anayeishi juu ya mimea. Ana kimeng'enya ambacho kazi yake ya asili ni kuivunja asidi amino ya tairosini. Wao wakakifanyisha kazi kinyumenyume: wakakipa vitu vitatu vya bei nafuu, katekoli, piruveti na amonia, nacho kikaviunganisha kuwa levodopa, yote ya kushoto. Kampuni ya Ajinomoto ya Japani ilianza kuzalisha kwa njia hiyo mwaka 1993. Palibaki kero moja. Bakteria hakutoa kimeng'enya hicho mpaka alishwe tairosini, na tairosini hiyo ilichanganyika na dawa, ikawa kazi kuitenganisha. Watafiti wakabadilisha jini inayoamuru jambo hilo, naye akawa anatoa kimeng'enya bila kungoja amri.

Siku hizi hubadilishwa hata kimeng'enya chenyewe. Frances Arnold wa Marekani, aliyepata Nobel mwaka 2018, hufanya kama mkulima anayechagua mbegu: hubadilisha jini kwa kubahatisha, huchagua kimeng'enya kilicho bora, kisha hurudia. Kwa njia hiyo maabara yake imepata vimeng'enya vinavyotengeneza asidi amino ambazo hazimo katika maumbile, na watengenezaji wa dawa huzihitaji.

Tulipoyaeleza haya baada ya darsa, kijana mmoja aliuliza: bakteria hao wanalishwa nini? Hilo ni swali la haki. Mwaka 2001 huko Indonesia kiungo cha chakula cha kampuni hiyohiyo ya Ajinomoto kiliondolewa madukani, kwa kuwa chakula cha bakteria wake kilikuwa kimetayarishwa kwa kimeng'enya cha nguruwe. Baraza la maulamaa lilikiharamisha, ilhali Rais wa wakati huo Abdurrahman Wahid, naye akiwa mwanachuoni, alisema kinalika kwa kuwa hakina nguruwe ndani yake. Lakini kile kilikuwa kiungo cha mboga. Mgonjwa asiyeweza kujifunga kikoi mwenyewe ana hukumu ya dharura, na kwa maoni yetu asicheleweshwe dawa kwa ajili ya mjadala huo.

Mwingine akauliza juu ya upupu, kwani amesikia kuwa una dawa hiyo. Ni kweli. Mbegu za upupu zina levodopa, jambo lililogunduliwa India mwaka 1937. Nchini Bolivia wagonjwa 18 walipewa unga wa mbegu zake zilizokaangwa, na ukawasaidia kwa kiasi cha kulingana na vidonge. Lakini ulipojaribiwa kwa wiki nyingi kwa wagonjwa 14, nusu yao waliacha, wengine kwa kuumwa na tumbo, wengine kwa kuzidiwa. Mbegu moja si sawa na nyingine, na nyumbani hakuna mizani. Tunaomba mtu asisage upupu akampa mzazi wake.

Mambo mawili yamhusu anayepika na anayeuguza. Nyama, maharage na maziwa vina asidi amino nyingi, nazo hugombea mlango mmoja na levodopa. Kwa hiyo mzee wetu humeza kidonge nusu saa kabla ya kula, kama alivyoelekezwa na daktari. La pili ni Ramadhani. Dawa hii humezwa mara kadhaa kwa siku, na kuikatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali na mkakamao wa hatari. Asiifunge saumu kwa kuona haya. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Suratul Baqara, na ratiba ya vidonge aulizwe daktari.

Vidonge vinapokosekana hapa mjini, binti yake huagiza Dar es Salaam, vikaja kwa basi, karibu na njia ileile iliyopitwa na misafara ya pembe kutoka Bagamoyo. Kamati sasa huchangia nauli ya mzigo. Adhana hajairudia, lakini Ijumaa iliyopita aliomba daftari, akaandika majina saba kwa herufi kubwa kuliko za mwaka jana. Kiti chake tumekiweka mwisho wa safu ya kwanza, upande wa dirisha.