Mguu wa Bandia Si Kiatu

Kila apitaye Petite Barrière, kati ya Gisenyi na Goma, anawajua walemavu wachuuzi na baiskeli zao za magurudumu matatu, mizigo imewazidi kimo. Wanafanya kazi kutushinda sisi wenye miguu miwili! Lakini matunzo yao je?

Hapo Gisenyi pana kituo cha Ubumwe, kilichoanzishwa mwaka 2005, ambako walemavu hufundishwa ufundi. Kwa miguu ya bandia jina kubwa ni Gatagara, kituo alichokianzisha Padre Fraipont mwaka 1960. Kazi yao tunaiheshimu. Ila Gatagara iko Nyanza, kusini. Kutoka mpakani ni safari ya kuvuka nchi. Na mguu wa bandia haununuliwi mara moja ukaisha. Kigutu hupungua unene, mguu ukalegea, ukaanza kuchubua. Sharti mtu arudi kupimwa, afundishwe tena kutembea. Mtoto ndiyo kabisa, kila akikua unamwacha.

Basi mashine ikimkata mwenzetu kiwandani au shambani, tusitie sahihi karatasi yenye bei ya mguu wa kwanza peke yake. Tudai nauli, malazi na siku za kurudi kituoni, na ziandikwe.