Choo Kitangulie Duara

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, Chama kilikuwa kimekwisha kutangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Vita hivyo havijesha. Leo twapenda kuwakumbusha wananchi wa Shinyanga na Geita juu ya adui mmoja asiyetajwa sana, naye ni homa ya ini iitwayo E.

Virusi vya homa hii hutoka kwa mgonjwa pamoja na choo, huingia majini, na kwa maji hayo humwingia mtu mwingine. Mgonjwa hutapika, macho yake huwa ya manjano na mkojo wake mweusi. Wengi hupona baada ya majuma machache. Lakini mwanamke mwenye mimba ya miezi ya mwisho yumo hatarini hasa. Hutokea hata mmoja kati ya watano akafa.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Kuanzia Oktoba 2007 hadi katikati ya mwaka 2009, huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, waliugua watu zaidi ya 10,000, na 160 wakafa. Walikuwa watu waliokimbia vita, wamesongamana kambini, vyoo vichache na maji haba. Wachunguzi waliona kwamba hata beseni moja la kunawia mikono ya watu wengi lilisaidia kueneza ugonjwa.

Wanyama nao wamo. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walivitambua virusi vya namna hii katika nguruwe. Aina mbili za virusi hivi hukaa kwa binadamu peke yake, nazo ndizo ziletazo miripuko ya majini. Aina nyingine mbili hukaa kwa nguruwe na wanyama wa porini, zikamfikia mtu kwa nyama isiyoiva, hasa ini.

Sasa na tuyatazame machimbo yetu. Habari ya dhahabu ikivuma, vijana kwa mamia huhamia porini kwa siku chache. Maturubai husimikwa, maduara huchimbwa, mama lishe huteleka sufuria. Choo hufikiriwa mwisho. Serikali imefanya kazi kubwa kuyaleta maji ya Ziwa Viktoria kwa bomba kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga. Lakini bomba haliwezi kumkimbilia kila mchimbaji aendako.

Kwa hiyo twasema wazi: mwenye duara apataye fungu lake katika kila mfuko wa mawe hana haki ya kusema kwamba choo si kazi yake. Choo kichimbwe kabla ya duara, mbali na kisima. Maji ya kunywa yachemshwe, yawekwe katika vyombo vyenye midomo myembamba. Mikono inawishwe kwa maji ya kumiminwa na sabuni. Nyama ya nguruwe iive hata ndani, na banda lake liwe mbali na maji. Mama mjamzito mwenye macho ya manjano apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asicheleweshwe kwa mganga.

Chanjo ipo, nayo ilitengenezwa China. Mwaka 2022 ilitumika Bentiu, Sudan Kusini. Lakini chanjo haichimbi choo.

Mabalozi wa mashina na viongozi wa matawi machimboni, kazi hii ni yenu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.