Kifua kinabana, vipimo viko sawa
Bibi wa Machame ana presha, magoti yanamsumbua, na tangu amzike mume wake kihambani, kifua kinambana kila jioni. Vipimo vya moyo viko sawa. Anajifanya? Wala. Huzuni huamsha homoni za msongo: mapigo hupanda, misuli hukaza, usingizi hupotea, na mtu asiyelala huumwa magoti zaidi. Vidonge vikirundikana navyo hugongana mwilini.

Hapo Hai, wazee wenye tatizo la kupoteza kumbukumbu (si ugonjwa wa bibi yetu, lakini sikiliza) walikutanishwa kwa vikundi, vipindi 14 vya mazungumzo na shughuli. Matokeo yalichapishwa 2017: uwezo wa akili ulipanda, wasiwasi ukapungua. Sasa kliniki ya presha imuulize bibi pia: jioni unakaa na nani?