Kengele Moja, Saa Mbili: Wapiga Kengele wa Mpakani Tunduma

Ukimuuliza mwanachuo anayetoka Tunduma kwamba ibada ya Jumapili kwao inaanza saa ngapi, usishangae akikujibu kwa swali: "Saa za upande gani?" Si utani. Tanzania inaitangulia Zambia kwa saa moja, na Tunduma na Nakonde zimebanana kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani ni mji mmoja. Saa tatu asubuhi ya Tunduma ni saa mbili asubuhi ya Nakonde. Wanyamwanga, ambao mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 uliwakata katikati, wana ndugu pande zote mbili, na watu huvuka kwenda sokoni, msibani na kanisani.

Katika mji wa namna hiyo, kengele ya kanisa ina kazi ambayo kengele ya Dar es Salaam haina. Haisemi ni saa ngapi. Inasema "sasa". Makala hii inaeleza kengele hiyo inapigwaje, nani anaipiga, na kwa nini sisi wenyeji wa Songwe tunaosoma tuna sababu ya kuishughulikia kabla haijachelewa.

Nani anaipiga?

Wengi wetu tumekua kama vile kengele inajipiga yenyewe. Kumbe nyuma yake kuna watu wa zamu. Ukienda Mbozi, Momba, Ileje au Tunduma mjini, mara nyingi utakuta ni mzee wa kanisa au mama anayekaa jirani na kanisa, pamoja na vijana wawili watatu wanaomsaidia. Kwa Wakatoliki huwa ni katekista na watumikiaji wa altare. Hawana ofisi wala mshahara. Huyu anashika alfajiri, yule Jumapili, na mwingine ndiye anayegongewa mlango usiku msiba ukitokea.

Uingereza mambo ni tofauti kabisa. Kule mnara mmoja unaweza kuwa na kengele sita, nane au zaidi, na kila mpigaji anashika kamba yake. Wanabadilishana mpangilio kwa hesabu: kengele sita zina mipangilio 720, kengele saba zina 5,040, na kuimaliza hiyo yote huchukua kama saa tatu. Afrika nako utaratibu huo upo sehemu chache. Kanisa kuu la Kianglikana la Harare lina kengele kumi za aina hiyo. Kwetu Songwe hesabu imegeuka: kengele ni moja, watu ndio wengi. Kwa hiyo ufundi wa mpigaji wetu hauko kwenye kupanga kengele. Uko kwenye kupanga mapigo na ukimya kati ya pigo na pigo.

Lugha ya mapigo

Kila usharika una desturi yake, lakini kuna mambo yanayofanana sehemu nyingi. Kengele ya kwanza ya Jumapili ni ya kuwaambia watu wajiandae. Ya pili ni ya kuondoka nyumbani. Ya tatu ikilia na wewe bado unatafuta kiatu, basi umechelewa. Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, mchana na jioni, ambayo kwa desturi hupigwa mapigo matatu, matatu, matatu, kisha tisa. Kuanzia wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu kengele hunyamaza hadi Utukufu wa mkesha wa Pasaka. Ukimya huo nao ni ujumbe: anayejua anaelewa kanisa liko kwenye maombolezo.

Mapigo ya haraka yasiyokatika ni hatari: moto, mwizi, mtoto amepotea. Mapigo ya taratibu, moja moja, yenye nafasi ndefu katikati, ni msiba. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Likisikika kijijini, jembe linasimama. Mtu anatuma mtoto akaulize, "Ni nani?" Kabla ya mchana wanaume wako kaburini wanachimba, na akina mama wameshafika na kuni na unga.

Chuma kinavyosema

Kengele halisi humiminwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, kwa kawaida karibu sehemu 78 za shaba kwa 22 za bati. Mchanganyiko huo ni mgumu, unavuma muda mrefu, lakini hauvumilii kupigwa ovyo. Ikipata ufa, mlio wake unageuka kuwa kama wa sufuria, na hakuna fundi wa mtaani wa kuiponya.

Makanisa mengi, na shule zetu za msingi pia, hayana kengele ya namna hiyo. Yana rimu ya lori au kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Kwa Tunduma hilo halishangazi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo ikiwa imejaa malori, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inavukia mpaka hapohapo. Chuma hakijawahi kuwa shida.

Shida ni kujua kukitumia. Rimu lazima ining'inie kwa mnyororo au waya bila kugusa shina la mti, kwa sababu kitu chochote kinachoigusa kinaula mtetemo wake. Inapigwa ukingoni, na nyundo inaondolewa papo hapo. Ukiikandamiza, umeua sauti mwenyewe. Na kuna siri ya alfajiri. Hewa iliyo karibu na ardhi inakuwa baridi kuliko iliyo juu, hivyo sauti inapinda kurudi chini badala ya kupotelea angani. Ndiyo maana kule Mbozi, asubuhi za baridi za Juni na Julai, kengele inasikika mbali kuliko mchana wa jua kali. Wapigaji wazee hawakusoma fizikia darasani, lakini hilo wanalijua.

Ilikotoka

Kabla ya kengele palikuwa na ngoma na pembe, navyo vilikuwa na lugha yao. Kengele ilikuja na wamisionari. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891 na kufungua kituo cha Mbozi mwaka 1899. Watu hawakuwa na saa ukutani, kwa hiyo kengele ya misheni ndiyo iliyogawa siku: kuamka, shule, kazi, sala. Tuseme ukweli, ilikuwa pia chombo cha kuwatawala watu. Lakini kadiri miaka ilivyopita wenyeji waliifanya yao, hasa walipoiingiza kwenye mazishi na kwenye kuitana wakati wa shida.

Kuna mfano wa Mombasa unaofaa kutufikirisha. Pale kuna mahali panaitwa Kengeleni. Jina limetokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watu waliokombolewa utumwani, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS katika miaka ya 1870. Kengele ile ilipigwa kuwaonya wakazi kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanakuja. Leo kondakta wa matatu anaita "Kengeleni!" na abiria wanashuka, lakini anayekumbuka mapigo ya onyo yalivyokuwa sijui utampata wapi. Jina limebaki, lugha imeondoka.

Simu na spika

Hapo ndipo mtu atasema: siku hizi kila mtu ana simu, kengele ya nini? Kwa Tunduma jibu ni rahisi. Ukiwa karibu na boda, simu inaweza kudaka mtandao wa Zambia na kujibadilishia saa bila kukuuliza. Kijana aliyetega alamu saa kumi na moja alfajiri anaamka saa kumi na mbili ya Tanzania, basi limeshaondoka. Rimu ya lori haina huo ugonjwa.

Na tangazo la msiba? Ni kweli, grupu la WhatsApp linafika hadi kwa ndugu aliye Lusaka au Mwanza, jambo ambalo kengele haiwezi. Lakini grupu linawafikia waliomo tu. Bibi asiye na simu, mpangaji mpya, dereva aliyelala gesti akisubiri foleni, wote hawamo. Kengele haina admini. Anayesikia ameshaalikwa.

Spika nazo zimeleta mkanganyiko. Makanisa mengine sasa hupiga kengele iliyorekodiwa, na umeme ukikatika kanisa limenyamaza. Tena malalamiko ya kelele yameongezeka mijini, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, ambazo NEMC inazisimamia, zipo kwa sababu ya msingi: watu wanahitaji kulala. Ila tusiweke kila mlio kwenye kapu moja. Kengele hulia dakika moja au mbili ikanyamaza, kama adhana inavyoita ikaisha. Mkesha wa spika hadi alfajiri ni habari nyingine, na jirani anayelalamika hapo ana haki yake.

Kazi yetu likizo hii

Kengele yenyewe haitapotea kesho. Kitakachopotea ni maana ya mapigo, kwa sababu katika sehemu nyingi haijaandikwa popote. Inakaa kichwani mwa mzee mmoja, na vijana aliokuwa akiwafundisha wamehamia mjini, nasi tukiwemo. Siku akiondoka yeye, atakayempigia kengele ya msiba atakuwa anabahatisha.

Basi, ndugu msomaji, ukirudi nyumbani likizo, mtafute mpiga kengele wa kwenu. Mwamkie, kaa naye. Muulize: msiba wa mtoto na wa mtu mzima hutofautiana? Moto unapigwaje? Nani alikufundisha wewe? Mrekodi kwa simu yako akipiga, kama atakubali na viongozi wa kanisa wakiridhia, maana kengele ya msiba haipigwi kwa majaribio; afadhali akuonyeshe kwa kugonga meza. Andika idadi ya mapigo na urefu wa ukimya. Nakala moja iache ofisi ya usharika au parokia. Wenzetu wa historia na isimu wana hapo mada ya utafiti isiyohitaji nauli kubwa.

Kisha muombe awafundishe vijana wawili wanaobaki kijijini. Siyo wewe, wewe utarudi chuo. Wawili, ili mmoja akiwa amevuka kwenda Nakonde, mwingine awepo.