Usafiri wa Old Moshi waanzia Kiboriloni

KIBORILONI, nje kidogo ya mji wa Moshi, ndipo abiria anapotambua tofauti ya bondeni na mlimani. Anayekwenda Himo au Marangu hubaki katika barabara kuu, ambako daladala hazikosekani. Anayekwenda Old Moshi huiacha na kupanda kupitia Kikarara na Tsuduni hadi Kidia.

Huko juu ndiko Moshi ya awali ilikokuwa. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ilikomea chini, na mji ukaifuata. Wa mlimani wakabaki na mteremko wao.

Asubuhi watu hushuka sokoni, jioni hupanda. Kwa kuwa safari ya upande mmja huenda ikawa tupu, dereva hungoja gari lijae. Asiyeweza kungoja huchukua bodaboda, zilizotungiwa kanuni za leseni mwaka 2010. Nauli ya daladala hupangwa na LATRA, iliyorithi kazi ya SUMATRA mwaka 2019. Ya bodaboda ni maelewano, na mvua ya masika huipandisha. Kwa mama mwenye mkungu mmoja wa ndizi, maelewano hayo yaweza kumaliza faida yote kabla hajafika sokoni.