Maoni ya Wananchi Yaingie Katika Muhtasari

Mtambo wa umeme wa Maporomoko ya Rusumo, wenye uwezo wa megawati 80, ni wa Tanzania, Rwanda na Burundi. Pamoja na mtambo huo zilitengwa fedha za kuendeleza vijiji vya jirani, Ngara ikiwemo. Fedha za namna hiyo, kama zile za Halmashauri ya Wilaya, hutolewa kwa mpango, na mpango wapaswa kuanzia kijijini.

Kwa Sheria Na. 7 ya 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Maombi hutoka hapo kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Wilayani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti hupitishwa miezi kadhaa kabla. Anayedai ghala la kahawa mwezi Agosti amechelewa, hata akidai kwa sauti kubwa.

Manung'uniko mengi huzaliwa hivi: hoja ilisemwa, ikapigiwa makofi, haikuandikwa. Kata haipelekewi makofi. Katibu wa chama na afike mkutanoni na hoja iliyokubaliwa na wanachama, ikitaja mahali, kipimo na mchango wao, naye ahakikishe imeandikwa kabla muhtasari haujatiwa sahihi.