Uchumi wa Biashara Kama Tahasusi ya Uzamili

Neno uchumi lina asili yake katika kitenzi chuma, ambacho humaanisha kutungua matunda au maua na vilevile kupata faida. Maana hiyo ya pili huenda ndiyo inayowafanya wengi wadhani kwamba anayesomea uchumi wa biashara katika shahada ya uzamili hufundishwa mbinu za kutajirika. La hasha. Mwanafunzi huyo hufundishwa, kabla ya yote, kupima kile kinachopotea kila uamuzi unapofanywa.

Chukulia mfano wa mfanyabiashara anayeendesha duka katika jengo lake mwenyewe. Mwisho wa mwezi, baada ya kulipia bidhaa, umeme na wafanyakazi, anabaki na shilingi 30,000. Mhasibu ataandika kuwa ni faida. Mwanauchumi atauliza jengo hilo lingekodishwa kwa kiasi gani. Ikiwa ni shilingi 40,000, basi mwenye duka anapoteza shilingi 10,000 kila mwezi, ijapokuwa hakuna senti iliyomtoka mfukoni; na hapo jasho lake halijatiwa hesabuni. Katika matumizi ya kawaida, gharama ni pesa zilizolipwa. Katika taaluma hii, fursa iliyoachwa nayo ni gharama.

Aidha, kuna gharama ya nyongeza. Basi linapokaribia kuondoka Nairobi kuelekea Mombasa likiwa na viti vitupu, mafuta, bima na mshahara wa dereva vitalipwa vivyo hivyo. Abiria mmoja zaidi huongeza gharama ndogo mno, hivyo utingo akimpunguzia nauli hajakosea. Hata hivyo, wasafiri wakizoea kungoja dakika ya mwisho ili wapunguziwe, ni nani atakayelipa nauli kamili? Swali hili huwaingiza wanafunzi katika upangaji wa bei na nadharia ya michezo, ambayo huchunguza jinsi uamuzi wa mmoja unavyotegemea anachotarajia kwa wengine.

Katika Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, ambako shule ya biashara ilianzishwa mwaka 1898, uchumi ni mojawapo ya tahasusi za uzamili. George Stigler, aliyejiunga na chuo hicho mwaka 1958 na kutunukiwa Nobel mwaka 1982, alikuwa mtetezi mkubwa wa nadharia ya bei, inayomchukulia mtu kuwa mwenye kukokotoa maslahi yake. Richard Thaler, aliyefika katika shule hiyo mwaka 1995, alijenga jina kwa kuonyesha jinsi watu halisi wanavyokiuka hesabu hizo. Naye alipata Nobel mwaka 2017. Tahasusi inayomfunza mwanafunzi nadharia na pingamizi lake ina manufaa kuliko ile inayomkaririsha kanuni.

Udhaifu wake ni kwamba haimpi mhitimu kazi yenye jina bayana kama uhasibu. Nchini Kenya, mojawapo ya mahali inapohitajika ni katika udhibiti wa soko. Chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, muungano wa kampuni huchunguzwa usije ukadhoofisha ushindani. Kampuni mbili za maziwa ya pakiti zikitaka kuungana, sharti kwanza ijulikane kama maziwa mabichi yanayouzwa mitaani yamo katika soko hilo hilo. Bei ya pakiti ikipanda kidogo na wanunuzi wengi wakahamia kwa mchuuzi, soko ni moja na muungano hautishi sana. Wasipohama, kampuni hiyo mpya itawapandishia bei nao watalipa.